Kuanzia 0461

Zimefika Jumanne, kanda ishirini,
ndani ya boksi lililoloa pembe moja
kwa mvua ya Upper Hill.
Wafubwa alizihesabu pale getini,
akaandika kitabuni: *mikebe myeusi, 20*,
nami sikumsahihisha.

Huku chini ya hospitali, chini hata ya chumba cha maiti,
baridi ni ya mashine, haijui Julai wala Januari.
Navaa sweta la shule la binti ya dada yangu,
la kijani, mikono yake inaishia karibu na kiwiko.

Kwanza unazivua nailoni.
Moja moja. Usizibebe kama matofali.
Kanda ikianguka haivuji, haichubuki,
utajua miaka saba baadaye
siku mtu amekuja kudai lake.

Halafu lebo.
Mistari minene na myembamba, nambari chini yake.
Kidole gumba kiwe kikavu,
ubandike mara moja, ndani ya kishimo chake,
isipinde hata kwa unene wa unywele,
maana roboti haina neno *nadhani*.
Jicho lake jekundu likikuta lebo imekwenda upande
linaandika: kanda haijulikani.
Na kanda isiyojulikana, hata iwe imejaa watu,
ni tofali.

Ya 0467 ilipinda.
Niliiinua kwa ukucha, ikachanika.
Bi Nyanchoka aliyenifunza kazi hii alisema
nambari iliyoharibika hairudiwi:
iandike daftarini *imekufa*, piga mstari, songa.
Nimeandika. Nimesonga.
Ndiyo maana ishirini zangu zinaishia 0481.

Nafungua kidirisha, naziingiza tano tano.
Mkono wa chuma unakuja relini,
unashika, unarudi gizani,
na mlio ule, kama mtu anayetafuta funguo
kwenye droo ya vijiko.

Usiku zitaandikwa:
waliozaliwa wodi ya tatu na uzito wao kwa gramu,
mbavu za wazee, makundi ya damu,
bili ya yule aliyeondoka bila viatu.

Baba alizungushwa miaka kumi na mmoja
kwa jalada moja la pensheni.
*Halionekani, mzee. Njoo Alhamisi.*
Alikuwa na Alhamisi nyingi kuliko ng'ombe.
Tulipokwisha kumzika lilipatikana,
limekunjwa mara nne chini ya mguu wa meza,
meza isiyumbe karani anapoandika.

Sisemi roboti ina huruma.
Nasema tu haina meza.

Skrini imehesabu: ishirini zimeongezwa,
ishirini tupu, sifuri hazijulikani.
Nikasoma mara mbili ile sifuri.

Getini Wafubwa alikuwa anakausha kofia kwenye hita.
"Mikebe imeingia yote?"
Imeingia.
"Na ndani mna nini hasa?"
Bado hamna kitu, nikamwambia. Mpaka saa nane usiku.
Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa,
akaandika saa yangu ya kutoka,
akakosea dakika kumi.

Nyumbani, nikivua sweta,
nikaiona 0467, nusu yake,
imenata kwenye sufi karibu na kiwiko,
mistari minne mieusi na herufi moja.
Sikuibandua.