Masalio

Desemba, Dundee. Saa tisa u nusu alasiri
jua lishafunga duka lake juu ya mto Tay,
nami ghorofa ya tatu, nimebaki na watu elfu nne
walioomba mtandaoni halmashauri ije itengeneze boila.
Kila mtu amekuwa safu ya tarakimu:
ukurasa ulifunguka baada ya sekunde ngapi,
alikwama mara ngapi,
na mwisho nyota, moja mpaka tano.

Kazi yangu ni kupitisha mstari
katikati ya wingu la nukta.
Kila sekunde tatu za kungoja, nusu nyota huanguka.
Fergus Pirie, mkuu wangu, anaupenda mstari huo.
Ameomba uwe wa buluu, kwa kikao cha Alhamisi.

Lakini mstari haumpitii kila mtu.
Umbali unaobaki, kati yake na nukta,
tunauita masalio,
na mimi nimelelewa nyumba ambayo ukoko
ndio uliogombaniwa.

Safu ya 2,317. Sekunde arobaini na moja.
Nywila ilikataliwa mara mbili.
Modeli inamtabiria nyota pungufu ya sifuri,
kitu ambacho hata mbingu haina.
Ametoa tano.
Nikafungua maoni, kile kisanduku wengi hukiacha kitupu:
*Jikoni pumzi yangu naiona. Lakini mmeniuliza
kama nimeridhika. Tangu Wullie azikwe
hajaniuliza mtu.* Akatia jina, kama mwisho wa barua:
*Effie Geddes, Lochee.*

"Nukta potovu," kasema Fergus, kikombe mkononi. "Itoe."

Kuridhika, ridhaa, radhi: tumbo moja.
Ridhaa ni pale alipobonyeza *Nakubali* bila kusoma.
Radhi ni lile tangazo jekundu,
*tuwieni radhi, mtambo umeelemewa*.
Radhi ni ile pia aliyonipa mama uwanja wa ndege,
kiganja utosini, midomo ikienda,
wala hakuniuliza ni ngapi kati ya tano.
Na kuridhika, ndiko nilikoajiriwa kukupima.

Sikuitoa. Mteremko ukalegea
kwa sehemu moja ya elfu, hakuna atakayeona.
Kisha nikafanya jambo ambalo sikutumwa:
nikafungua jedwali la mafundi, la idara ya chini,
ambalo halijawahi kukutana na letu.
Geddes. Boila. Siku ya kumi na tisa.
*Inasubiri kipuri.*

Kumi na tisa, na nyota tano.
Nilikuwa napima mlango unavyofunguka,
sikuuliza ndani kuna nini.

Fergus keshaondoka. Nimeinua simu.
Inalia huko Lochee, pengine yuko kitandani na koti,
pengine anatafuta miwani.
Sekunde ya tisa. Ya kumi. Ya kumi na mbili.
Kwa hesabu yangu mwenyewe
nishapoteza nyota mbili,
na bado nashikilia.