Bila Kurudisha

Bakulini maharage kumi:
saba mekundu, matatu ya njano.
Chomoa moja bila kuangalia,
usilirudishe, chomoa la pili.
Kuna uwezekano gani yote mawili yawe mekundu?

Swali la tisa. Mvua ya Kiwira iko juu ya bati,
sauti yangu mwenyewe siisikii.
Nimeyaleta maharage yenyewe, kutoka gunia la mbegu,
na mama amenitazama jicho la
yarudi yote kumi, Tusekile.

Saba juu ya kumi. Hilo rahisi.
Kisha sita juu ya tisa, maana moja limeshatoka
na bakuli linajua.
Nazidisha, nafupisha: saba juu ya kumi na tano.
Haifiki hata nusu. Nami naona wekundu mtupu.

Ipyana kalichukua lile la kwanza, kalitia puani.

Zamani, kutumwa maji, nilikuwa na moja juu ya nne.
Gwamaka akaenda Chunya kwenye dhahabu,
ikawa moja juu ya tatu.
Ipyana bado mdogo, basi moja juu ya mbili,
na Lugano anajua kujificha.

Swali la kumi ni pembetatu.
Kitako mita sitini, pande mbili hamsini hamsini.
Hii naijua. Nimeilima.
Ndicho kishamba chetu cha kukodi, juu ya kijito,
kinachochongoka kadiri unavyopanda.
Mzee Mwakalobo alikipima kwa kamba:
"Nusu ya kitako mara kimo, mama Gwamaka.
Elfu moja mia tano." Kodi ikafuata hapo.

Lakini kamba ilipita ubavuni.
Ubavu si kimo.
Kimo husimama wima, hakiegemei mtu.
Thelathini mara thelathini, mia tisa.
Hamsini mara hamsini, elfu mbili mia tano.
Toa. Kipeuo chake arobaini.
Eneo, elfu moja mia mbili.
Narudia. Mia mbili.
Misimu minne tumelipia mita mia tatu za hewa.

Mama amefuta mikono kwenye kanga,
amefuata mistari kwa kidole chenye udongo,
ameuliza kimo ni kipi. Nimemwonyesha.
Ameuliza tena.
"Iandike upya," amesema, "kwa herufi kubwa.
Na maharage yangu?"

Tisa, nimemjibu.
La kumi anapumua nalo Ipyana.