Mara Ishirini na Moja

Tromsø, wiki ya pili tangu jua lituage.
Saa mbili asubuhi, dirishani usiku.
Eilif anaingia na theluji mabegani.
Namwambia: kung'uta huko nje,
humu hata maji tunayapima.

Chupa duara inazunguka kwenye maji vuguvugu,
klorofomu inapaa bila kwaheri,
mafuta yanabaki ukutani mwa kioo,
ukoko mwembamba kama wa uji wa maziwa.
Tunaunywesha chumvi ya amonia. Unavimba, unajikunja,
unajifunga wenyewe: vifuko ndani ya vifuko,
kila kimoja kimemeza tone lake la chumvi.

Sasa ni kazi ya mikono. Sindano mbili za kioo zinatazamana,
katikati yao utando wenye matundu
ambayo kwayo unywele wa mtoto ni gogo.
Sukuma. Rudisha. Kidole gumba kinauma.
"Mara ngapi?"
Ishirini na moja.
"Kwa nini si ishirini?"
Kwa sababu ishirini inakurudisha ulikoanzia,
pamoja na makapi yaliyokataa kupita.
Hesabu witiri, kijana, umalizie ng'ambo.

Kisha ile nyekundu.
Mama yangu, Ragnfrid, aliiita sharubati.
Ilimwingia mshipani mara sita, peke yake, bila kifuko,
na mtego wa panya hunasa aliyemo na asiyekuwemo.
Uvimbe ulinaswa. Nywele zilinaswa, ulimi, kucha.
Moyo ulinaswa kimyakimya, ukangoja miaka tisa,
hadi asubuhi moja ya Machi, koleo mkononi,
nusu ya njia ikiwa imeondolewa theluji.
Nusu nyingine niliimaliza mimi
baada ya gari la wagonjwa kuondoka.
Sijui kwa nini.

Eilif haulizi. Anatazama kipimajoto: nyuzi sitini.

Dawa inapenya ukuta ikiwa uchi, bila chaji.
Ndani inakuta asidi, inavishwa koti zito,
koti lisilopita mlangoni.
Kwetu mgeni huvuliwa viatu; humu huvikwa.
Inajipanga na wenzake, fuwele ubavuni mwa fuwele,
kama penseli kijalubani.
Hakuna aliyefunga mlango.

Jaribio la kwanza linaharibika.
Kwenye safu zinashuka rangi mbili, zote nene:
iliyoingia kidogo, iliyobaki nje tele.
Nilisahau kuiosha chumvi ya nje.
Chumvi ndani, chumvi nje,
nani atasukumwa kuingia popote?
Miaka kumi na saba kazini.
Andika, namwambia: kosa la Torhild.
Anaandika *kosa letu*.
Nalikata kwa kalamu, naandika langu.

Tunaanza upya. Chupa, ukoko, ishirini na moja.
Naosha chumvi, naosha tena,
naosha mara ya tatu, kwa aibu tu.

Saa tisa alasiri, usiku uleule dirishani.
Utepe mmoja mwekundu unatangulia,
nyuma yake waridi hafifu,
kama doa lililofuliwa miaka mingi.
Tisini na sita kwa mia.

Hii haitamfikia mtu yeyote.
Ni ya panya kumi na wawili, chumba cha chini,
na bado hatujui kama watatushukuru.

"Na zile nne?" anauliza Eilif.
Nne zipi?
"Zilizobaki nje."
Naosha sindano, naziweka zikauke.
Hizo ni za kesho, nasema,
na kidole gumba kinagoma
kufunga kifungo cha koti.