Jiwe la Sikio

Huku hakuna miti ya kupukutisha majani.
Vuli yetu huonekana madirishani:
moja baada ya jingine yanapigiliwa mbao,
magodoro yanasimamishwa ukutani kama watoto walioadhibiwa,
na mimi, Zulma, nabaki na funguo kumi na nne kiunoni
zikinitangaza kila nipitapo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wa kwetu hukaa siku sitini, na jembe hatuwapi;
tunawapa bili.
Aprili ikiingia wamesharudi Montevideo
na mchanga wetu ndani ya viatu vyao.

Leo mvua imenyesha mchana kutwa.
Kila jiko lenye mtu (majiko sita, nimeyahesabu)
limenukia mikate ya kukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe.
Ilipokatika, nikashuka ufukweni na shemeji yangu Wilmar:
fimbo mbili, ndoo moja,
kibuyu cha majani machungu na chupa ya maji moto.

Wilmar hajui kunyamaza.
Anaisimulia bahari bei ya dizeli,
goti lake la kushoto,
mwanawe Yamandú aliyehamia Hispania
kuosha sahani walizolia wengine samaki.

Mimi nasoma maji.
Pale wimbi linapovunjika jeupe, mchanga uko karibu.
Pale linaposita, likainama lisianguke,
pana mfereji,
na mferejini ndimo wanamopita.
Kombe nilizofukua kwa visigino
nimezifunga ndoanoni kwa uzi wa kushonea.
Narusha. Chubwi linapaa, mshipi unalia kidogo,
kisha hakuna tena
ila baridi inayopanda fimboni hadi kiwikoni.

Saa nzima. Ya pili.
Simba wa baharini akatoa kichwa, akatutazama
kama mdai anayejua tarehe ya mshahara,
akazama.

Halafu, si mdono, si mguso:
ni kama mtu amebamiza mlango chumba cha pili.
Fimbo ikapinda. Nikarudi nyuma hadi kwenye matuta,
nikavutwa mbele hadi maji yakaingia mabutini,
nikarudi tena,
na katika kwenda na kurudi huko nikasikia kitu kimekosekana.
Wilmar amenyamaza.
Mara ya mwisho kunyamaza hivyo
tulikuwa tunamzika dada yangu.

Korvina mweusi, kilo kumi na saba,
ndevu kidevuni kama mzee aliyesahau kunyoa.
Alinguruma mchangani, akanguruma ndani ya gari,
kifua kikipiga ngoma ambayo hakuna aliyeiomba.
Tulipofika jikoni alikuwa kimya.

Wilmar alipasua kichwa, akaingiza vidole viwili,
akatoa mawe. Mawili, meupe,
mazito kuliko ukubwa wake.
Kwa haya, akasema, ndiyo anasikia.
Ukilikata katikati utakuta duara ndani ya duara,
kila moja mwaka.
Tulilishika mbele ya taa.
Hakuna aliyekwenda kuchukua msumeno.

Nyumba namba tisa haikufunguliwa kiangazi hiki.
Bi Perla hakuja, hakupiga simu,
na wanawe hawajaniuliza chochote, hata habari ya paa.
Kila Jumanne naingia, nafungua bomba,
nayaacha maji yatoke hadi kutu iishe,
nafunga.
Ufunguo wake nimeufungia jiwe moja, kwa ule ule uzi,
ili mkono wangu uujue gizani.

Jiwe la pili Wilmar amelitia mfukoni.
Kesho atampigia Yamandú.
Atamtajia upepo, chambo, mfereji niliouona mimi,
kisha uzito,
na ataongeza kilo tano.