Sekunde Tatu

Kwakwakwakwa, kama vijiko ndani ya sufuria,
kisha kimya. Sekunde tatu, si zaidi.
Kila alfajiri, Tabata Kimanga,
jirani anafungua pazia, anafunga.
Mimi naongeza sauti ya redio.

Gereji tatu nimezunguka nalo.
Likifika Gerezani limeshachemka, limetulia,
linakoroma kama paka aliyeshiba.
Mafundi wananicheka: dada, gari zima hili,
labda masikio.

Wa nne, Mkwizu, hakucheka.
"Kama linaumwa alfajiri, mbona unaniletea saa sita?"
Akaja mwenyewe saa kumi na moja,
koti la mvua, bisibisi ndefu, tochi mdomoni.
Mpini akauweka sikioni,
ncha kwenye kifuniko cha cheni.
"Washa."
Kwakwakwa.
"Zima."
Alikunja uso kama mtu
anayepokea simu ya mbali, mtandao unakatika.

Usiku kucha oili inateremka chini, alisema.
Cheni inaamka kavu, imelegea, inapiga ukuta
mpaka oili ipande kuinyamazisha.
Wewe ukasikia kimya, ukadhani imepona.

Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa suruali,
akakirudisha, akakichomoa tena.
Ncha tu ndiyo iliyolowa, nyeusi kama wanja.
"Oili ulimwaga lini?"
Juzijuzi, nikasema.
Akaniangalia.
Kabla ya Ramadhani.
"Ipi?"

Adhana ikaanza upande wa Segerea.
Akashusha boneti taratibu, kwa mikono miwili,
funguo akazitia mfukoni mwake.
"Leo," akasema, "panda bajaji."