Pindo

Sketi aliyovaa yule msichana wa filamu
niliishona mimi, barazani kwangu Limbani:
tetroni ya buluu, pindo inchi mbili na nusu,
maana msichana wa miaka kumi na minne
hashonewi mwili wa leo,
hushonewa mwili wa mwakani.

Jana wameionyesha ukumbini, hapa hapa Wete.
Viti havikutosha, nikakalia ndoo ya rangi.
Basi nami nitasema;
aliyeshika mkasi haogopi kitambaa.

Muziki ulilia kabla yetu.
Kila Raya alipotaka kuhuzunika
tulipigiwa fidla, kama watu wasiojua
kilio kinaanzia wapi.
Mvua ilinyesha alipoachwa, ikakatika aliposamehewa.
Pemba mvua haimuulizi mtu ana nini.
Mvulana wake, eti wa kidato cha pili,
ana kidevu kilichonyolewa asubuhi ile ile.
Na baba, aliyekuwa simba nusu nzima ya kwanza,
akageuka kondoo kwa barua moja.
Nina miaka ishirini na sita na Shaame Faki.
Barua nimeandika.

Lakini ipo pahala
mama anakuna nazi, amempa mwanawe mgongo.
Raya kasimama mlangoni.
Simu aliyoificha iko juu ya mkeka, uso juu.
Hapana anayesema.
Mbuzi inakwaruza, inakwaruza,
kisha inanyamaza.
Hapo hata muziki uliona haya.
Kijana nyuma yangu aliacha kutafuna ubuyu.
Binti yangu Tumu, safu ya tatu na wenzake,
aligeuka kunitafuta gizani,
aliponiona akaurudisha uso upesi.
Kwa hilo moja nawasamehe mvua yao.

Limebaki jambo, nalo ni la fundi.
Hadithi ilikwenda miaka mitatu.
Raya kaingia mtoto, katoka mwanamke,
sketi ile ile, urefu ule ule,
pindo langu halikuguswa.
Wangeniuliza.
Mtoto hakui kwa kulia ufukweni.
Hukua siku unayofumua uzi kwa wembe,
sketi ikateremka, na pale palipokuwa na mkunjo
ukabaki mstari wa buluu mbichi,
buluu ya dukani, isiyojua jua wala sabuni,
na yeye anaupiga pasi, anaupiga pasi,
asitake wenzake wauone.

Tuliporudi Tumu akaniuliza,
"Mama, umeipenda?"
Nikamwambia, "Imepwaya mabegani."
Akacheka. Akaingia ndani.
Akatoka na sketi yake ya shule,
akaiweka juu ya cherehani,
hakusema kitu.