Miraba Mitatu kwa Zamu

Katowice, ghorofa ya nne, hita inakohoa.
Bertold ameanguka. Si mtu, ni kipande cha risasi
kisichozidi urefu wa kidole,
na Gracjan, aliyempaka rangi kwa wiki mbili,
amemlaza ubavu juu ya ramani
taratibu, kama anayezima taa chumba cha mtoto.

Sasa ni ubishi.
Kinga, mwenye mchezo, anafungua kitabu:
ukimburuta aliyezirai, mwendo wako nusu.
Miraba sita inakuwa mitatu.
Mikono yote miwili iwe imemshika,
upanga urudi alani au ubaki sakafuni,
na ukimpa adui kisogo
ana haki ya pigo moja, bure.

"Na deraya?" nauliza. "Deraya nayo inahesabiwa?"
Inahesabiwa. Ngao, kofia, mfuko wa dhahabu,
hata sufuria aliyoinunua kwa mzaha mwezi Machi.
Tunajumlisha kwa penseli nyuma ya risiti ya mkate.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husemwa;
mwenzio akiwa ndiye mzigo,
penseli inasema kilo mia na kumi na nne.
Mimi ni mwizi mwembamba, nguvu zangu nane.
Hesabu inanikataa.

"Basi mvue."
"Kumvua ni dakika tano."
"Zamu ni sekunde sita."
Zimwi limeinua rungu nusu saa sasa,
linatungoja kwa adabu.

Mjomba wake Kinga yuko pembeni, Lucjan,
amekuja kutengeneza hita, akapewa chai ya limau na kiti.
Miaka ishirini na sita aliteremka mgodini
saa zile ambazo wenzake walikuwa wanakimbilia juu.
Dadu hajawahi kuishika.

"Humvuti kwa mikono," akasema,
"bega linachomoka.
Unapita nyuma yake, unamkalisha,
unapenyeza mikono yako kwapani mwake,
unaukamata mkono wake mmoja, ulale kifuani,
halafu unarudi kinyumenyume.
Njia huioni. Unauona utosi wake tu,
na buti zake zikichora mistari miwili."

Penseli ikasimama.
"Na mwendo?" akauliza Kinga,
kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo jingine.

Mzee akainama juu ya ramani,
akapima kwa kidole chenye kovu
kutoka kwa Bertold hadi mlangoni.
"Nusu ni nyingi mno," akasema.
"Lakini acheni iandikwe nusu.
Mtu akiambiwa robo, hatakwenda."

Nikautupa upanga.
Nikavunja hesabu, na Kinga akatazama dirishani
mpaka nilipomaliza kuivunja.
Zimwi likadai pigo lake: dadu ikaviringika,
ikagonga glasi, ikakaa kumi na saba.
Nimebakiwa na uhai wa vidole viwili.
Mraba mmoja. Wa pili. Wa tatu.
Mlango ulikuwa wa nne.

Hita ilikuwa bado imefunguliwa, vyuma sakafuni.
Lucjan akavuta kiti mezani.
"Zamu inayofuata," akauliza, "ni ya nani?"